Simu Kuukuu ni ya Fundi

Nani kati yenu ameshawahi kuuma betri? Msicheke. Sisi wa zamani huku Bungoma tuliuma betri za redio mpaka zikabaki na alama za meno, kwa sababu tuliambiwa betri ikiumwa hutoa nguvu iliyojificha. Zikikataa, tulizianika juu ya mabati, na jioni redio ilipata sauti ya kutosha taarifa ya habari. Nawaambia haya nyinyi mnaouza simu na chaja pale stendi kwa sababu mtu akinunua kitu kipya haachi mazoea yake dukani. Anaenda nacho nyumbani na kukitumia vile alivyotumia kile cha zamani.

Nilikuwa fundi wa simu kwa miaka mingi, kwanza nikipanda nguzo, kisha nikiwa na kibanda changu mwenyewe Kitale. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, rununu zikiwa bado za wenye nazo, zililetwa simu za nyumbani ambazo watu waliziita kodlesi. Kila moja ilikuwa na vipande viwili. Kimoja ni kitako, ambacho kilifungwa kwenye waya wa simu ukutani na kuchomekwa kwenye stima. Cha pili ni mkono wa simu, ambao ulitembea nao hadi jikoni ukiongea, na ukimaliza unaurudisha juu ya kitako upate chaji. Ndani ya ule mkono mlikuwa na betri ndogo zinazofanana kabisa na za redio. Hapo ndipo taabu ya kwanza ilipoanzia.

Mwalimu mmoja wa Bungoma alinijia akiwa ameushika mkono wa simu kwa gazeti, mbali na shati lake.

"Fundi, hii simu yako imetapika."

"Uliweka betri gani, Mwalimu?"

"Si ni betri tu, bana. Zile zako zilichoka nikaweka za redio. Na nilizianika kwanza siku mbili, ati zisipatwe na baridi."

Alikuwa ameweka betri za kawaida akazilaza kwenye chaja, zikapata joto, moja ikapasuka na kumwaga maji yake makali ndani yote. Kidole chake kilikuwa kimechubuka kwa kuyapangusa. Ilikuwa bahati yake kwamba hakuwa ameiweka sikioni. Basi shikeni hilo: betri ya kuchajiwa huandikwa hivyo kwenye ngozi yake, na ile isiyoandikwa haifai kulazwa kwenye chaja hata kama inaingia vizuri. Na ukiona betri imevimba, usiiume wala kuianika. Itoe, uiweke mbali na watoto, na usiitupe motoni.

Kuna mengine niliyojifunza kwa kuharibu. Niliwahi kumpa mteja chaja ya redio kwa sababu tundu lilikuwa sawa, na kabla ya saa sita mchana kitako kilikuwa kinanuka plastiki. Tundu kuwa sawa si hoja. Soma maandishi madogo ya mgongoni, hesabu za volti zilingane, na ile alama ya ncha ya katikati iwe sawa pia. Halafu akina mama wa Kitale walikuwa na ugonjwa wa vitambaa. Kochi lina kitambaa, redio ina kitambaa, na kodlesi siku ya pili tu imeshafunikwa kile cheupe kilichofumwa kwa mkono, inachaji chini yake huku inachemka. Nilivitoa vitambaa vingi mpaka nikaitwa mchawi wa vitambaa. Radi ikianza kunguruma, chomoa stima na chomoa waya wa ukutani, na usiongee na mtu. Na usiweke simu sikioni kabla ya kubonyeza kupokea, kwa maana baadhi zililia kupitia tundu lile lile la kusikilizia. Mimi sikio langu la kushoto hadi leo linavuma kwa sababu ya ujinga huo.

Nimewaambia yote hayo kwa urahisi, na mnaweza kudhani nilikuwa fundi hodari. Nilikuwa hodari. Ndiyo maana ninayotaka kuwaambia yananiuma.

Kuna mfanyabiashara wa Lwakhakha aliyenunua kodlesi kwangu. Baada ya wiki moja alirudi amekasirika kweli kweli. Alikuwa ameubeba mkono wa simu peke yake mfukoni, akavuka hadi upande wa Uganda kutafuta mahindi, akasimama katikati ya soko akipiga kelele ndani yake.

"Watu walinicheka, Fundi! Imejaa chaji na haitoi hata mlio!"

"Na kitako kiko wapi?"

"Kiko nyumbani. Nikibebe cha nini?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamweleza kwamba mkono bila kitako ni bure, kwamba chaji ile ni ya kuufikishia kitako sauti yako tu, na kitako ndicho kinachoongea na dunia. Hadithi hiyo niliisimulia Kitale nzima. Ilikuwa mdomoni mwangu kila siku, na bado haikuingia akilini mwangu.

Sasa niwaambie kuhusu Mzee Wafula. Ndiye aliyenifundisha kazi. Mimi nilikuwa kijana wa Kiislamu wa mjini, nimezaliwa nyuma ya msikiti wa Bungoma, sijui jembe wala nguzo. Yeye alikuwa Mbukusu mkimya, mrefu, mwenye viganja vigumu kwa kuvuta waya, akiita kila mtu kwa jina moja tu, mara moja tu. "Idi," angesema, na ukichelewa kuitika angeendelea na kazi bila wewe.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, fundi hatoki nyumbani kwa mtu kabla mwenye nyumba hajapiga simu mwenyewe, fundi akitazama. Ya pili, simu kuukuu ni ya fundi. Ukifunga mpya, unaondoka na ile ya zamani. Watu walidhani ni uroho wetu wa vipuri, na kweli vipuri tulivipata. Lakini Mzee alikuwa na sababu yake. Alisema mtu akibaki na simu mbovu atairudisha ukutani siku moja, iharibu laini ya mtaa mzima, halafu fundi apandishwe nguzo kwenye mvua kutafuta kosa lililo sebuleni mwa mtu. Mafundi wote wa Kitale tuliishika sheria hiyo. Hata mteja hakuuliza, alikuwekea simu yake ya zamani mlangoni karibu na viatu vyako.

Alipostaafu alijenga Kiminini, shambani, mbali kidogo na barabara. Miguu ilimchoka, na kifua chake cha pumu kikazidi kuwa kibaya kila msimu wa mvua. Simu yake ilikuwa sebuleni, nyeusi, nzito, ya waya, aliyoifunga kwa mkono wake mwenyewe. Kila ikilia alijikokota kutoka kitandani, na akifika imeshakatika. Nilimwonea huruma. Nikampelekea kodlesi mpya, zawadi, mwanafunzi kwa mwalimu wake.

Mkewe, Mama Naliaka, alifurahi kama msichana. Nilifunga kitako sebuleni, nikamwonyesha jinsi ya kuulaza mkono wa simu upate chaji, nikamwambia habari za betri, za kitambaa, za radi. Alisikiliza yote kwa makini. Kisha nikatimiza sheria ya kwanza. Nikamwambia apige. Akampigia Barasa, jirani mwenye pikapu na duka pale Kiminini, ambaye ndiye aliyekuwa akimpeleka Mzee hospitali Kitale kifua kikibana.

"Barasa, mulembe! Unanisikia? Niko jikoni, ati naongea nikikoroga ugali!"

Mzee Wafula alikuwa amekaa kitandani, mlango wazi, akitutazama. Redio yake ya stima ilikuwa ikiimba taratibu kando yake.

"Idi," akasema.

"Naam, Mzee."

"Ile yangu nyeusi si mbovu."

"Si mbovu, Mzee. Lakini si sheria ni yako?"

Nilisema hivyo kwa utani, nikicheka, simu nyeusi tayari iko kwapani. Alinitazama kidogo. Najua sasa alitaka kusema kitu. Lakini yeye ndiye aliyetunga ile sheria, na hakuwa mtu wa kujipa ruhusa ambayo hakuwapa wengine. Akainua kiganja chake kile kigumu.

"Sheria ni sheria. Chukua."

Nikachukua. Nikaiweka kwenye rafu ya kibanda changu, nikaisahau.

Mvua za mwaka ule zilikuwa na hasira. Alasiri moja radi ilipiga huko Kiminini, nguzo ya stima ikaanguka, giza likaingia nyumba zote za upande ule. Mimi nilikuwa Kitale nikinywa chai. Siku iliyofuata Barasa alisimamisha pikapu mbele ya kibanda changu, hakuzima injini.

"Fundi, Mzee wako ametuacha."

Tulienda pamoja. Watu walikuwa wameshajaa uani, matope hadi kwenye vifundo. Mama Naliaka alikuwa amekaa chini sebuleni na wanawake wenzake, na ule mkono wa simu ulikuwa mapajani mwake. Alikuwa bado ameushika. Aliponiona alianza kunieleza, kama mtu anayejitetea mbele ya chifu.

"Kifua kilimbana saa tisa hivi. Akaniambia nimpigie Barasa. Nikabonyeza vile ulinifundisha, mwanangu. Taa yake inawaka, namba naiona, lakini hakuna kitu. Nikabonyeza tena. Nikafikiri labda ni vidole vyangu vina unga. Nikanawa. Nikabonyeza tena."

Akapangusa macho kwa ncha ya leso.

"Akaniuliza, 'Wameshika?' Mimi ningemwambia nini? Nikasema wameshika, Barasa anakuja. Akasema, 'Basi vizuri. Njoo uketi.' Sikuketi. Nilirudi kubonyeza. Nilipoteza saa nzima na hiki kitu, ndiyo nikakimbia kwa miguu hadi kwa Barasa. Tuliporudi, alikuwa ameenda."

Nilimpa pole. Kisha nikafanya jambo ambalo ni fundi pekee angelifanya katika nyumba ya msiba. Stima ilikuwa bado haijarudi. Katika mkoba wangu mlikuwa na simu ndogo ya majaribio, ile tuliyokuwa tukipanda nayo nguzoni. Nikajifanya naondoa kitako kisisumbue watu, nikachomeka simu yangu kwenye tundu la ukutani, nikaiweka sikioni.

Laini ilikuwa hai. Mlio wake ulikuwa safi kabisa.

Nyinyi wa leo huenda hamjui. Simu ya waya haikuhitaji stima ya nyumbani. Nguvu yake ilitoka kule posta, ndani ya waya ule ule wa sauti, hata kijiji kizima kikiwa gizani. Kodlesi ilikuwa tofauti. Stima ikipotea kitako kinakufa, na mkono wa simu uwe umejaa chaji pomoni, utakuwashia taa na kukuonyesha namba, na hakuna atakayekusikia. Nilikuwa nimemcheka mtu wa Lwakhakha kwa kuacha kitako nyumbani. Kumbe nilimwachia mwalimu wangu kitako ambacho mvua moja tu ingekizima, na simu ambayo ingemwokoa nikaibeba kwapani nikitania. Nilimwonyesha Mama mambo yote ya kuilinda ile simu isiharibike. Sikumwambia ni lini simu yenyewe haitaweza kumlinda.

Nikachomoa simu yangu, nikaificha ndani ya mkoba. Kisha nikatoka kuketi na wanaume uani.

Wabukusu wana siku yao, ya tatu baada ya mazishi, ambapo watu wa marehemu hunyolewa nywele na familia hukaa uani. Kila aliye na neno na marehemu husimama akalisema mbele ya wote, kisha jambo linakwisha na watu wanatawanyika. Nilihudhuria. Niliketi nyuma, kofia yangu magotini. Ndugu mmoja wa Mzee, mtu wa sauti kubwa, akasimama.

"Mimi nina neno moja. Ndugu yangu amekufa na simu iko kwa nyumba! Mtu mzima anashindwa aje kubonyeza simu?"

Mama Naliaka, kichwa chake kikiwa kimeshanyolewa, akasimama polepole.

"Ni kweli. Nilishindwa. Fundi alinifundisha vizuri, ni mimi sikushika. Mnisamehe."

Mzee aliyekuwa akisimamia siku akatazama huku na huku. "Kuna mwingine ana neno?"

Nilikuwa nalo. Nilifikiria kibanda changu, jina langu, wateja wangu wa Kitale wote niliowafungia kodlesi na kuondoka na simu zao za zamani. Niliogopa. Nikatazama kofia yangu mpaka yule mzee akafunga kikao, na lawama ikabaki juu ya mjane. Nimefanya makosa mengi kazini, yale mengine nayasimulia nikicheka. Hili silicheki.

Wiki kadhaa sikulala vizuri. Nilianza kuzunguka Kitale na kigari, nyumba kwa nyumba, nikirudisha simu kuukuu kwa wenyewe. Wengine walidhani nimerukwa na akili. "Fundi, si hii ulichukua mwaka jana?" Nikawaambia waifunge chumbani, waiache hapo, stima ikipotea waitumie hiyo. Lakini nyumba moja niliikwepa, na nilijua kwa nini.

Mwishowe nikaitoa ile nyeusi kwenye rafu. Niliipangusa vumbi, nikasafisha vyuma vyake vya ndani, nikaifunga kwa shuka, nikaenda Kiminini asubuhi. Mama Naliaka alikuwa akichambua maharagwe mlangoni. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, nyeupe. Sikukaa kwenye kiti alichoniletea. Nikamwambia nikiwa nimesimama.

"Mama, hukukosea kubonyeza. Stima ilikuwa imepotea, na ile simu niliyowaletea haiongei bila stima. Ungebonyeza hadi kesho. Hii ya zamani ingeongea. Nilijua siku ile ile, na siku ya kunyoa nilijua, na nilinyamaza."

Mikono yake ikasimama ndani ya maharagwe. Nilisubiri anilaani. Nilitamani anilaani.

"Stima," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Redio yake ilinyamaza kabla ya kifua kuanza." Alikuwa hasemi na mimi. "Iko hapo karibu na kichwa chake. Aliisikia ikinyamaza."

Nikatupa jicho ndani, kwenye mlango wa chumba chake.

"Na yeye alizijua simu zote."

"Alizijua, Mama. Yeye ndiye alinifundisha."

"Kwa hivyo nilipomwambia wameshika, alijua ni uongo."

"Alijua."

Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. "Akasema vizuri. Akaniambia njoo uketi." Machozi yakaanza kumtoka bila sauti. "Alikuwa anataka tu niketi na yeye, Fundi. Na mimi nikarudi kwa simu."

Mtanisamehe vijana, hapo sina la ufundi la kuwaambia. Nililia pale mlangoni, mtu mzima, na shuka mkononi.

Baadaye nilimwambia nitakwenda kwa shemeji yake nimweleze ukweli, na siku hiyo hiyo nilikwenda, na aliyonitukana nilistahili. Lakini kabla ya hapo Mama alijifuta uso, akanionyesha ukuta wa sebule.

"Iweke pale ilipokuwa."

Nikaifunga. Skrubu zilirudi kwenye matundu yale yale ambayo Mzee aliyatoboa. Nilipomaliza nikakusanya vyombo vyangu, kisha nikakumbuka sheria ya kwanza. Nikamwambia apige simu, kwa yeyote, mimi nikitazama.

Aliuinua mkono wa ile simu nyeusi kwa mikono miwili, akauweka sikioni. Hakubonyeza namba.

"Inalia," akasema. Akanitazama. "Sasa zima stima."

Nikaenda kwenye swichi kubwa ya nyumba, nikaishusha. Balbu ya jikoni ikazimika. Redio ya chumbani, iliyoanza kuimba yenyewe stima iliporudi na ambayo hakuna aliyekuwa ameigusa tangu mazishi, ikanyamaza. Mama Naliaka alibaki amesimama, sikio kwenye simu.

"Bado inalia," akasema.

Aliendelea kuisikiliza mpaka mlio ukabadilika ukawa ule wa kukatika, na hata hapo hakuiweka chini. Nilisimama na mkoba wangu mlangoni, mkono wangu mwingine ukiwa mtupu, safari hii bila simu kuukuu ya kuondoka nayo, nikingoja amalize.